Kiti Chekundu na Kichwa cha Metroni

Mlioniacha wiki iliyopita nikijizungusha kwenye kiti changu chekundu, asanteni kwa kunitakia heri. Haikufika. Nadhani ilinyeshewa njiani ikageuza.

Kwa aliyechelewa kuingia, habari ni fupi. Mimi ni kinyozi mwenye nusu chumba. Nusu ya pili ni ya dada yangu mkubwa, msusi, na katikati yetu kuna pazia. Upande wangu palikuwa na stuli ya mbao yenye tabia ya kuchana suruali za wateja. Ng'ambo ya barabara yuko kinyozi mwenzangu tunayemwita Kioo, kwa vile amejaza vioo ukuta mzima, na huyo ana viti vinavyozunguka. Macho yangu yakahamia kule. Roho ikayafuata.

Basi dada na mama waliposafiri kwenda kumwuguza mama mdogo, nikabaki mimi ndiye serikali. Nikaenda kwa Mzee Wembe, kinyozi mstaafu, tukabadilishana. Yeye akanipa kiti chekundu kinachozunguka, chenye mkono wa kupandishia na kushushia. Mimi nikampa draya ya dada, ile kofia kubwa ya kukaushia nywele inayosimama kwa mguu mmoja.

Kabla hamjaokota mawe, nisikilizeni.

Tangu nimalize shule na kuingia humu ndani, ile draya sijaiona ikiwashwa hata mara moja. Wateja wa dada wote wanasuka. Imesimama pembeni, imefunikwa kitambaa, mimi naitundikia koti. Kwa hesabu zangu, draya ni kitu ambacho dada anakitaka tu, awe nacho. Kiti ni kitu ninachokihitaji. Tofauti hiyo hata mtoto wa chekechea anaiona.

Nilikuwa na uhakika huo mpaka Jumanne asubuhi.

Kwanza niwaambie kiti kilivyonitenda. Tangu kifike, chumba hakikosi watu. Wanaingia, wanakaa, wanazunguka, wanatoka. Hawanyolewi. Muuza vocha anakuja kukaa huku anachaji simu kwa umeme wangu. Wanafunzi wakitoka shule wanapanga foleni, kila mtu mizunguko yake. Na fundi viatu wa jirani anakuja kupumzisha mgongo. Akikaa anasinzia, akisinzia anakoroma.

Jumanne hiyo nikamwamsha.

"Fundi, nikunyoe?"

"Unyoe nini?"

Nikamtazama kichwani. Upara mtupu, unang'aa kama sahani iliyooshwa.

"Basi nipishe. Mteja akija, akute kiti kiko wazi."

"Mteja yupi?"

"Yeyote."

"Huyo yeyote nimemwona kwa Kioo," akasema, akafumba macho tena. "Amekaa kwenye benchi."

Benchi! Kumbe kwa Kioo watu wananyolewa hata kwenye benchi. Anachowavutia si viti. Mkono wake ni mwepesi, na ana mdomo wa kuchekesha watu. Mdomo ninao, mkono ninao, lakini wiki nzima nimekuwa nikipangusa kiti.

Nilikuwa bado naimeza hiyo, mlango ukafunguliwa. Dada na mama. Wamelowa, mabegi mkononi. Fundi viatu akamwona mama, akaamka, akasalimia, akatoweka. Mtaa mzima unamjua mama.

Na dada alikuwa anacheka. Dada yangu hacheki ovyo. Mara ya mwisho alicheka aliponiona nikianguka mtaroni.

"Wakili!" Hilo ndilo jina langu la nyumbani, eti kwa sababu nabishana. "Wakili, Mungu ametukumbuka. Metroni wa chuo cha wauguzi anakuja leo!"

"Kusuka?"

"Kusuka nini wewe! Kuseti. Jumamosi wana mahafali, na siku hiyo chuo hakitaki misuko, kofia zao hazikai. Wanaoshwa, wanafungwa rola, wanakaushwa. Mwaka jana walikwenda sehemu nyingine. Leo metroni analeta kichwa chake mwenyewe kunipima. Akikipenda, darasa zima la wahitimu linakuja kwangu."

"Na asipokipenda?"

"Asipokipenda, kwa mvua hizi zilizofukuza wateja, tutakula picha za ukutani."

 

"Hao wanaokaushwa," nikasema polepole, "wanakaushwa na nini?"

"Na pumzi yako," dada akanijibu huku anavua viatu. "Na draya, wewe mtoto! Na nini kingine? Jua liko wapi?"

Hapa kuna jambo sikuwaambia wiki iliyopita, niliona aibu. Ile draya ilipoondoka, pembeni palibaki pengo. Nikajaza ndoo mchanga, nikasimamisha fagio ndani yake, juu ya fagio nikafunika beseni, halafu nikatandika kile kitambaa cha dada. Kwa mbali, kwa mtu mwenye usingizi, ilikuwa draya kabisa.

Dada hakuwa na usingizi. Akavuta kitambaa.

Beseni likaanguka. Likazunguka sakafuni muda mrefu, kama linanisubirisha makusudi.

Dada akaangalia fagio. Akaniangalia mimi. Akalirudia fagio, kana kwamba kati yetu wawili lile ndilo lenye akili ya kumpa jibu.

"Wakili. Draya yangu iko wapi?"

"Dada, kaa kwanza."

"Nikae wapi?"

Hapo ndipo wote wawili walipokiona kiti. Sikuhitaji kueleza zaidi. Ukikaa na watu miaka yote, wanakusoma kama bango.

Mama alikuwa amechoka na safari, akakikalia. Kiti, bila haya, kikamzungusha kikamwelekeza ukutani. Kwa hiyo swali lake alianza kuliuliza akiutazama ukuta, nami ikabidi nimgeuze taratibu ili anigombeze vizuri.

Nyumbani kwetu kuna utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine. Mtu akitamani kuleta kitu ndani ya nyumba, anakitaja wakati wa kula, mbele ya wote. Mama anaweka kijiko chini anauliza: "Kisipokuwepo, kesho utaamkaje?" Ukijibu kwamba utaamka kama kawaida, kesi imekwisha, unaendelea kula. Kwa swali hilo mimi nimekosa baiskeli, saa ya mkononi, na miwani ya jua yenye fremu ya dhahabu. Sasa mnaelewa kwa nini kiti nilikileta wakati mama hayupo.

"Haya," mama akasema. "Kisingekuwepo hiki, leo ungeamkaje?"

Nikavuta pumzi. Shuleni nilikuwa msemaji mkuu wa midahalo.

"Mama, tuanze na maana ya kuamka. Kinyozi wa kisasa..."

"Ungeamkaje?"

"...haamki tu kimwili, anaamka na hadhi yake..."

"Wakili."

"Kama kawaida," nikasema.

"Na dada yako je? Kabla hujatoa chake, ulimwuliza yeye ataamkaje?"

"Ilikuwa imekaa tu, mama. Imefunikwa."

"Na mwavuli nao unakaa tu," dada akadakia, "mpaka mvua inyeshe. Tazama nje."

Sikutazama. Nilikuwa nasikia inavyopiga bati.

"Metroni anakuja saa nane," dada akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Nitamwosha, nitamfunga rola, nitampa stori. Ukichelewa, stori zitaniishia. Nenda kairudishe, na usirudi na maneno. Maneno tunayo ya kutosha."

Nikatoka mbio kwenye mvua. Moyoni nilikuwa na hasira, sitaficha. Hasira na dada kwa kuwa na draya, na mama kwa kuwa na swali, na Kioo kwa kuwa na benchi. Mwenyewe sikujiweka kwenye orodha. Orodha ilikuwa imejaa.

Kwa Mzee Wembe nilimkuta mkewe amechuchumaa katikati ya chumba. Ndani kulikuwa na joto la kulewesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga mlango, baridi inawaingia watoto."

Watoto wenyewe walikuwa vifaranga. Wamejaa ndani ya boksi kubwa, wa manjano, wanalia kwa pamoja. Na juu yao, imeshushwa chini kabisa mpaka karibu iguse boksi, inavuma taratibu, ilikuwa draya ya dada yangu.

Nikasimama mdomo wazi. Kitu cha kukausha vichwa vya watu wazima kilikuwa kinalea kuku.

"Mama, nimekuja kuhusu hiyo draya."

"Draya ndiyo nini?"

"Hiyo."

"Huyo ni mama yao," akasema. "Kuku aliyewatotoa kakanyagwa na pikipiki."

Mzee Wembe akacheka kutoka kitandani. Alikuwa amelala chali, blanketi mpaka kidevuni, anafaidi joto la vifaranga.

"Kijana wangu! Kiti kimekuletea watu?"

"Wengi, mzee."

"Wananyolewa?"

Nikawatazama vifaranga.

"Ahaa," akasema kwa raha. "Mimi kilinifanyia hivyo hivyo. Watu wanakaa, wanapiga soga, wanaondoka na nywele zao. Nilikuwa natafuta wa kunitua mzigo. Ukatokea wewe, meno yote nje."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi? Ulikuja na hotuba. Hadhi ya kinyozi wa kisasa sijui nini. Nikasema huyu amesoma, nisimkatishe."

"Mzee, nakurudishia kiti chako, leo hii. Nipe draya."

"Kiti hapana. Na hiyo mashine si yangu tena, zungumza na mwenye watoto."

Nikamgeukia mkewe. "Mama, kiti ni kizuri, chekundu, kinapanda na kushuka..."

"Vifaranga hawanyolewi."

"Dada yangu anahitaji draya, mama. Ana kazi kubwa leo. Nywele lazima zikauke."

"Zisipokauka zinakufa?"

"Nywele?"

"Ndiyo. Zinakufa?"

"Hapana."

"Hawa wanakufa." Akaninyanyulia kifaranga mmoja akamweka kiganjani mwangu. Alikuwa mwepesi kama hayupo, na moyo wake ulikuwa unadunda kuliko wangu. "Haya, msomi. Niambie nani mwenye shida hapa."

Wakili mzima, msemaji mkuu wa midahalo, nikabaki kumpapasa kifaranga kwa kidole. Nilikuwa nimekuja kudai kitu cha lazima, nikakuta ni cha lazima pia kwa kitu chenye miguu miwili na mdomo.

Kifaranga akaninyea mkononi. Sikumlaumu.

"Sikiliza," mama yule akasema, akanionea huruma. "Mimi sina mapenzi na hiyo kofia. Ninachotaka ni joto. Niletee jiko la mkaa, moja tu, nilifunike chungu changu kibovu, watajikusanya hapo. Letu lilipasuka. Leta jiko, beba mashine yako."

Jiko! Nilitamani kumkumbatia. Nilijua pa kulipata.

Nikakimbia mpaka nyumbani, mitaa miwili kutoka saluni. Jikoni kwetu, pembeni kabisa, jiko la mama lilikuwa limejikalia. Jivu lake la kabla ya safari. Wiki nzima halijaguswa, mimi nilikuwa nakula mkate na chai ya dukani. Limekaa tu. Mama mwenyewe yuko saluni, amechoka, mtu aliyechoka namna ile atapika nini?

Nawaapia nilijiuliza. Nilisimama mbele ya lile jiko nikajiuliza kwa sauti: hiki ni kitu cha kutamani au cha kuhitajika? Nikajibu: cha kuhitajika. Vifaranga wanakihitaji, dada anakihitaji, darasa zima la wauguzi linakihitaji. Nikajisikia mtu mzima. Nikaona sasa somo limeingia.

Nikajitwisha jiko kichwani na kifuko cha mkaa juu yake.

Mke wa Mzee Wembe alilipokea kwa mikono miwili, akaliwasha, akalifunika chungu. Vifaranga wakasita, wakasogea, wakajibana pale kama abiria. Akaizima draya, akaipangusa kwa upindo wa nguo yake, akanikabidhi.

"Mwambie dada yako mashine yake ina huruma," akasema.

Nikaifunga kwa koti langu isilowe, nikaibeba begani. Mimi ndiye niliyelowa. Maji yaliingia kwenye kola yakatokea kwenye soksi.

Nilipofika saluni, metroni alikuwa ameshafika. Mwanamke mkubwa wa umbo, mkubwa wa sauti, sare imepigwa pasi mpaka inatisha. Kichwa kimejaa rola, kimepakwa dawa ya kuseti inayonata kama asali. Na mnadhani alikuwa amekaa wapi?

Kwenye kiti changu.

"Hiki kiti," alikuwa anasema, "ni cha nani? Mgongo wangu haujapumzika hivi tangu nianze kazi."

"Changu, metroni!" nikasema kutoka mlangoni, natiririka maji.

Dada akanikata jicho. Mimi sikujali. Wiki nzima kile kiti kimenidhalilisha, sasa mtu mzito kama huyu anakisifia! Nikaiweka draya chini, nikamwonyesha mkono wa kupandishia. Nikampandisha. Nikamshusha. Akacheka. Nikampandisha tena. Nikamweleza ngozi yake, springi zake, na kwa nini kinyozi wa kisasa hawezi kuishi bila kitu kama hicho.

Dada akanivuta nyuma ya pazia.

"Umeisafisha?" akanong'ona.

"Imepanguswa."

"Nimeuliza ndani. Ilikuwa inafanya nini huko?"

"Ilikuwa... inalea."

"Inalea nini?"

"Binti!" metroni akaita. "Tuanze, nina kikao."

Dada akaenda. Akaisogeza draya, akaishusha taratibu mpaka ikamfunika metroni hadi kwenye nyusi. Metroni akafumba macho, mikono tumboni, anasubiri kutendewa mema.

Hapo ndipo nilipoona, kwenye matundu ya ndani, kitu cha manjano kimechungulia. Kidogo. Chepesi. Kinatikisika.

"Dada," nikasema.

"Nyamaza."

"Dada, subiri..."

"Maneno tunayo ya kutosha," dada akasema, akawasha.

Draya ikakohoa. Halafu ikavuma, na wiki nzima ya malezi ikatoka kwa mkupuo mmoja. Manyoya laini ya manjano, chenga za chakula cha kuku, na vumbi ambalo sitalieleza. Vyote vikaruka, vikacheza hewani, kisha vikatua kwenye ile dawa inayonata. Vikashika. Metroni akaanza kuota manyoya tunamwona.

"Kuna harufu," akasema, macho bado yamefumba. "Kama ya shamba."

"Ni mashine inapata joto, metroni," dada akajibu. Sauti yake ilikuwa tamu kabisa. Macho yake yalikuwa kwangu, na hayakuwa matamu. Mkono ukawa unatafuta swichi bila kuangalia, na mkono wa pili unachomoa unyoya mmoja mmoja kama anayeiba.

Nikahesabu bahati yetu: macho ya metroni yamefumba. Tukipata dakika chache, tukamwosha upya, tukasema ni hatua ya pili ya kuseti...

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mama. Sikujua hata kwamba alikuwa ameondoka. Alikuwa amekwenda nyumbani kutupikia, tupate cha moto baada ya kazi. Amerudi na sufuria mkononi, mchele ndani, mbichi.

"Wakili," akasema kwa sauti iliyojaa chumba kizima. "Jiko langu liko wapi?"

Metroni akafumbua macho.

Mbele yake kuna kioo kikubwa, na kiti, nilivyokipandisha mwenyewe, kilikuwa kimemweka sawasawa katikati yake.

Nimebishana sana maishani kuhusu kutaka na kuhitaji. Saa ile sikubishana na mtu. Kiti nilikitaka tu. Nilichohitaji ni mlango wa pili. Chumba chetu kina mmoja, na katikati yake alikuwa amesimama mama, na sufuria.